Simeoni wa Karagita ni Mama Shantel

Mjinga wa Jumamosi hii ni mwandishi wa makala haya. Anafika kanisa la Kianglikana huko Karagita, anawekewa rekodi mpya ya kwaya kwenye simu, kisha anamwendea Naftaly Mwaura, mwashi mwenye mabega mapana kama mlango wa lori, na kumpa mkono kwa jinsi alivyouanzisha Wimbo wa Simeoni.

Kwaya nzima inaangua kicheko. Naftaly peke yake hacheki.

"Boss, umepotea," anasema mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili. "Huo mkono ulikuwa wangu."

Ni Edinah Akoth, Mama Shantel, anayefunga maua katika chumba baridi cha shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Kwayani anaimba sauti ya tatu, ile ya wanaume, tangu wanaume wenyewe wahamie kazi katika mashamba mengine na kuacha pengo.

"Mwalimu aliuliza nani anaweza kushuka. Nikashuka. Hakuna mtu ameniambia nipande."

Rekodi ina nyimbo mbili za ibada ya jioni: ule wa Mariamu akiwa mjamzito, na ule wa mzee Simeoni alipompakata mtoto hekaluni. Haina kinanda wala ngoma. Fundi wa kurekodi alitoka mtaa wa Free Area akiuliza ngoma zinaingia wapi, akaambiwa haziingii.

Hapa mwendo unafuata maneno. Kwaya inashika noti moja, maneno yanapita juu yake, yawe mengi au machache, ndipo sauti zote nne zinageuka pamoja mwishoni mwa mstari. Wimbo wa Mariamu una haraka kidogo, na soprano wako juu kweli. Wa Simeoni unaanza na mtu mmoja, chini, bila papara. Wengine wanaingia nyuma yake kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto. Mahali fulani katika rekodi bati la paa linalia kwa jua. Wameliacha humo.

Sauti ya Edinah si laini. Ina mkwaruzo, na mkwaruzo huo ameutoa kazini.

"Baridi ya mle ndani ikiingia kifuani haitoki. Noti za juu zinaniacha moja moja. Karibu nitakuwa besi, nimnyang'anye huyu mzee kazi," anasema akimwonyesha Naftaly, mwimbaji wa besi, na kucheka mpaka anakohoa. Kikohozi kinapotulia, anaongeza: "Siku sauti itaenda kabisa, hapo kwa rekodi nitakuwa nimebaki. Hiyo tu ndiyo nataka."

Hata hilo halijawa hakika. Naftaly anataka mwanzo wa Wimbo wa Simeoni urekodiwe upya, auanzishe yeye, kabla nakala hazijapelekwa parokia nyingine. Mwalimu wa kwaya, Kamande, amewaachia wanakwaya waamue leo, na wengine wameanza kutikisa vichwa kumkubali mwashi.

"Sina ubaya na mama," Naftaly anawaambia. "Lakini Simeoni alikuwa mwanaume, tena mzee. Watu wakituuliza tutasema nini? Maneno ya mwanaume aimbe mwanaume."

Edinah anafunga vifungo vya sweta ya juu, kimoja kimoja, ndipo anamgeukia.

"Sawa, Mzee Naftaly. Na Wimbo wa Mariamu si unauimba kila jioni, uko hapo nyuma unanguruma? Hiyo mimba yako imefika miezi mingapi?"