Iodini na Utando wa Kitunguu

Kila nikifungua chupa ya iodini kwenye maabara ya zahanati ninapofanya kazi, Mlandizi, harufu yake inanikumbusha kitunguu.

Darasa letu la sekondari, Kibaha, lilikuwa na hadubini moja, tukapanga foleni. Mwalimu alikuwa ametandaza utando mwembamba wa kitunguu kwenye kipande cha kioo, akaudondoshea iodini. Niliona visanduku vya njano vimepangwa kama matofali, kila kimoja na kidoa cha kahawia ndani yake, yaani kiini cha seli. Basi. Niliona aibu kuchora kidogo vile. Nikafungua kitabu chini ya dawati, nikachora mitokondria, vile vijisehemu vidogo mno vya ndani ya seli, na mikunjo yote ya utando wake wa ndani. Mwenzangu wa dawati, msichana aliyetokea Vihingo, alichora visanduku na vidoa tu.

"Utapata sifuri," nilimnong'oneza.

"Ndivyo nilivyoona," akasema.

Mwalimu aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu.

"Mitokondria umeiona?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mikunjo yake?"

"Ndiyo."

"Una bahati. Mimi nimefundisha miaka yote hii, na hadubini hii haijawahi kunionyesha."

Darasa zima lilicheka. Hakunichapa. Wenzangu walipokwenda kunywa uji, alinirudisha kwenye hadubini, nikatazama mpaka jicho likatoa machozi.

Sasa hivi mama mmoja amegonga dirisha la maabara. Mtoto wake anaumwa tumbo, choo chake kiko chini ya hadubini yangu, na mama anataka nimwambie ni minyoo.

"Sijaona kitu bado, mama," namjibu. "Ngoja niangalie tena."