Siku nne za kutalii Bogotá, tulichokiona ni hospitali

Wakuu, habari za mchana. Nimechoka kidogo kwa hiyo mtanivumilia. Ninachoandika hakina chumvi, kimetupata mimi na mke wangu.

Mimi ni dereva wa basi hapa London, tunakaa Walthamstow. Mama Neema ni carer, anahudumia wazee majumbani. Mimi naingia alfajiri, yeye anatoka mchana anarudi nimeshalala. Tumeishi hivyo karibu miaka sita.

Kazini nina mwenzangu Mkolombia. Kila break ni Bogotá tu: milima, kahawa, ubaridi mzuri. Nikasema moyoni, hatujawahi kwenda popote zaidi ya nyumbani Moshi kwenye misiba. Tukaomba leave, binti yetu tukamwacha kwa dada yangu, tukapanda ndege.

Sasa Bogotá iko juu sana, hewa yake nyepesi. Mtu wa Moshi nikajiona naijua milima, kumbe mie mlima nimeuangalia tu kwa chini.

Siku ya kwanza mama Neema alilala. Nikasema safari ndefu. Siku ya pili akaamka saa nne, hataki chai, hataki kutoka. Mimi nikanuna, niseme ukweli. Nikamwambia, "Tumekuja huku kote kulala?"

Akavaa viatu.

Tukapanda cable car, kile kibanda cha kuning'inia kwenye waya, hadi kilele cha mlima Monserrate, kuna kanisa jeupe kule. Jiji lote liko chini yako, halina mwisho. Nikawa napiga picha mbele, yeye nyuma.

"Baba Neema, ngoja nikae kidogo."

"Tumebakiza ngazi chache tu, mama."

Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, midomo imekuwa myeupe. Nikamshika mkono, wa baridi kama maji ya bombani. Nilipiga kelele kwa Kiswahili wakuu, Kiingereza chote kilinitoka. Mama mmoja muuza chai akaja mbio, akamlaza, akamfunika kwa shali yake. Walinzi wakaleta oksijeni, tukashushwa, gari la wagonjwa likatupeleka hospitali.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, anajua Kiingereza. Akafunua kope ya mke wangu, akatazama, akaagiza damu ipimwe.

Majibu yalipotoka akaniambia, "Huu si urefu wa mlima peke yake. Damu yake ni kidogo mno. Amekuwa akichoka hivi tangu lini?"

Nikamgeukia mke wangu.

Mama Neema akasema kwa Kiswahili, macho kafumba, "Mwambie tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ukiingia, mimi natoka."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea.

Akaongezewa damu, wakamlaza. Siku mbili zilizobaki nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Hatukuona makumbusho wala soko. Lakini tuliongea. Akanieleza alivyokuwa anatokwa na damu nyingi kila mwezi, alivyokuwa anakaa kwenye ngazi za wateja wake kupumzika kabla ya kugonga mlango. Vitu vya miaka miwili, mimi navisikia ugenini kwa watu wasiotujua.

Tuliporudi London, vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye kizazi. Si saratani, Mungu ni mwema. Amefanyiwa upasuaji, anapona taratibu. Mimi nimebadilishiwa shifti, japo ilibidi nibembeleze sana.

Jana alasiri tulikunywa chai pamoja, jua bado lipo. Neema akaingia kutoka shule, akatukuta tumekaa, akashtuka. "Why are you both home?" Eti mbona wote tuko nyumbani. Tukacheka, lakini mie ilinichoma.

Nilichojifunza: mtu unaweza kulala naye kitanda kimoja na usijue anaumwa. Na akikuambia nikae kidogo, kaa naye. Ngazi haziendi popote.

Nyie mnaopishana mlangoni na wenzenu huko ughaibuni, hebu niambieni. Mara ya mwisho kumtazama mwenzako usoni mchana, mkakaa, ilikuwa lini? Nawasoma, hata mkinisema nitapokea.