Bahari Iliyorudi Kwenye Beseni la Sesilia

Kuosha, Sesilia hakufundishwa na mtu. Mwanamke wa Lushoto aliyelima karoti bondeni tangu usichana wake hutakatisha gunia zima kwa beseni moja, na anayemwaga maji kila mara huambiwa hana akili ya maisha. Basi mwalimu Selina, binti wa Tanga aliyepanga nyumba ya jirani huku akisomea shahada yake ya juu, alipotafuta mtu wa kumwoshea tope, Sesilia, ambaye majirani walimwita Mama Klara, alicheka mpaka akashika mbavu. Tope nalo linaoshwa?

Lilioshwa. Lilichimbwa kwa bomba refu kule pwani, mto unapoingia baharini, likakatwa vipande: cha juu kichanga, cha chini kikongwe. Sesilia alisuuza kila kipande kwenye chekeche laini mpaka vikabaki viganda vya vidudu vya baharini, vidogo kuliko chenga za unga. Selina alimwonyesha kwenye hadubini. Aina hii ilikoma zamani, alisema, hii imekuja juzijuzi. Ukivitambua viganda, umeujua umri wa tope. Sesilia aliitikia tu, maana tope kuwa na umri lilikuwa jambo lisilomwingia kichwani. Alichoshika ni kwamba viganda havidanganyi. Hilo Selina alilirudia kama sala.

Kisha viganda vya juzijuzi vikaonekana kwenye tope la chini kabisa. Selina akakonda, kwa kuwa shahada yote ilisimama juu ya bomba lile. Sesilia naye akachanganyikiwa bila kujua hasa kinachomchanganya. Akampelekea makande, akamwombea kanisani. Siku moja Selina akatoka nje anacheka. Kumbe zamani bahari iliwahi kurudi kwa kishindo, ikalipindua tope! Hakuna aliyewahi kuliandika hilo. Akaichora bahari yake, akaibandika ukutani.

Jumamosi Sesilia aliosha karoti za sokoni kwenye beseni ambalo jirani yake Yusta alikuwa ameoshea giligilani, bila kuyamwaga maji. Karoti zikatoka zimevaa majani ya giligilani. Akazikodolea macho. Hata vile vipande vya tope alikuwa akivisuuza hivyo hivyo, kimoja baada ya kingine, kwenye maji yale yale. Maji yakimwagika hayazoleki. Yake hayakumwagwa, na hiyo ndiyo balaa.

Alikwenda mbio, mikono ingali na udongo.

“Shikamoo, Mama Klara.”

“Marahaba, mwanangu. Bahari haikurudi. Ni beseni langu.”

Akaeleza yote. Selina aliitazama bahari yake ukutani.

“Umemwambia nani?”

“Nimekuja kwako kwanza.”

“Basi nenda kapumzike. Jumatatu uje kama kawaida.”

Jumatatu alikuta mabeseni mapya yamepangwa ukumbini, kila kipande na lake. Bahari bado ilikuwa ukutani. Sesilia aliogopa kuuliza, akauliza.

“Na hiyo, mwalimu?”

“Nimeshaituma chuoni, mama.” Selina hakuinua jicho kwenye hadubini.

Sesilia alisimama na tope mkononi. Aliona aibu, na hakujua kama ni aibu yake au ya mwenzake.

“Lakini haikurudi,” akasema. “Na wewe ndiye uliyeniambia viganda havidanganyi.”

“Osha, Mama Klara,” Selina akasema.