Kitanda Kilichotafuta Mwenyewe

Juzi nilikuwa nashuka kutoka soko ya Kadutu, polepole, maana magoti yangu siku hizi yana maoni yao, nikapita mahali vijana wanatengeneza viti. Mumoja alikuwa anapitisha kekele juu ya moto ili ikubali kukunjwa. Harufu ilinipata kabla sijaona moshi: harufu ya muhindi mubichi unaoungua, na ya mvua juu ya vumbi, na chini yake uchungu kidogo. Nikasimama katikati ya njia. Watu wananisukuma, pikipiki zinanipigia honi, na yule kijana ananiuliza, "Koko, bibi yetu, unatafuta kiti?" Nikamwambia hapana, lakini miguu haikuondoka.

Ule uchungu, niseme ukweli, haukuwa wa kekele. Ulikuwa wa baba yangu. Kijana yule hawezi kuwa nao, kwa hiyo nadhani niliuongeza mimi mwenyewe.

Ninyi ambao hamukukulia huku, kekele ni kamba ya pori. Inapanda juu ya miti ikiwa na miiba yake, na ukiimenya ndani iko laini, inang'aa kama mufupa uliolambwa. Kwa baba yangu, upande wa Shabunda, mutoto anajua kupasua kekele kabla ya kujua kuvaa suruali. Mama yeye alikuwa Mushi, wa kilima, na kwao wanajua ng'ombe na ndizi. Walibishana juu ya kila kitu, hata juu ya namna ya kukoroga bugali. Kaeni na hilo, nitalirudia.

Wakati ule wa Wabeleji Papa alifanya kazi kiwanda cha kinini, ile dawa chungu ya malaria. Siyo kazi ya kutengeneza vidonge, hapana, hiyo ilikuwa ya wenye koti nyeupe. Yeye alimwaga maganda ya muti ndani ya mashini ya kusaga, toka asubuhi mupaka king'ora cha jioni. Vumbi lile liliingia ndani ya ngozi na kukataa kutoka. Alijisugua na sabuni, na mchanga, na majani ya ndizi, lakini akikumegea bugali, kipande chako kilikuwa kichungu. Mama alimwekea sahani yake mbali. Sisi watoto tulisema Papa hawezi kuumwa na mbu: mbu akimuonja, anakwenda kulalamika kwa wenzake.

Jioni mutu mwingine aliingia nyumbani. Alikaa mulangoni, miguu ndani ya nusu ya pipa ambamo kekele zilikuwa zinalowa, kisu mukononi, kamba kati ya meno, akasuka viti, na vikapu vya chupa, na vigoda vya akina mama. Siku ya mungu baada ya misa alibeba kiti kichwani na kushuka Muhumba, kwa Wazungu, akipitia mulango wa nyuma ambako Tonton Fideli, mupishi, mutu wa kwao, alimusemea. Na wakati wote huo mwili wake haukutulia. Akila, goti linacheza chini ya meza mupaka vikombe vinalia. Mama alimwambia, "Unangoja motokari gani? Kula." Lakini kweli alikuwa anangoja. Alitaka kuacha kiwanda. Alitaka nafasi sokoni, yenye paa, akae pale mchana kutwa na kekele zake. Siku zile haikuwa kitu cha kuamka tu na kufanya: mutu mweusi asiye na bwana ndani ya muji aliulizwa karatasi, na asubuhi nyingine umusikie amerudishwa kijijini. Ilitakiwa Muzungu akusemee.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilizaliwa na sisimizi ndani ya miguu. Hata masomoni masera, wale watawa wa misioni, walinifukuza kwenye benchi zaidi ya walivyonifundisha, ndiyo maana maandishi yangu yako hivi, yanatembeatembea. Mutanisamehe.

Basi. Bwana wa Tonton Fideli tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa mukubwa ofisini kwa Leta, yaani serikali, na muke wake alikuwa na mimba. Siku moja akamuita Papa jikoni, akamwambia amutengenezee berso, kitanda kidogo cha mutoto kinachobembea. Ikiwa nzuri, atamusemea kwa wakubwa wa soko. Papa alirudi akiimba toka chini ya kilima, tulimusikia kabla ya kumuona.

Mama alikuwa anachambua maharagi. Hakuinua kichwa.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

"Iko mu tumbo."

"Basi na kitanda ikae mu pori."

Ni hapa nataka mukumbuke yale mabishano ya bugali. Makabila mawili ambayo hayakukubaliana juu ya chumvi yalikubaliana juu ya hili: mutoto ambaye hajafika, hatengenezewi kitanda. Bibi, mama ya mama, alilisema kwa maneno yake: "Kitanda kikitangulia mutoto, kitatafuta mwenyewe." Na Mama hakulisema kwa kusikia tu. Kabla sijazaliwa alizika mutoto ambaye masera walimuletea nguo ndogo, nzuri, kabla hajazaliwa, na Mama kwa heshima akazipokea. Sasa yeye mwenyewe alikuwa na mimba tena, tumbo linaonekana, na mume wake anataka kuleta kitanda ndani ya nyumba ileile.

Papa alikaa siku kadhaa goti likicheza. Kisha akaanza kukata kekele.

"Ni nini ile?" Mama akauliza.

"Vijiti."

"Vijiti ya nini?"

"Vijiti tu. Weye unaona kitanda hapa?"

Na kweli hakukuwa na kitanda. Alikunja mbavu za berso juu ya moto, moja moja, akazifunga na kamba ili zisisahau umbo lake, akazitundika juu chini ya paa. Akasuka ubavu mumoja, akautundika mbali na mwingine. Miguu ya kubembea upande huu, kichwa upande ule. Kila kitu tayari, lakini hakuna kilichogusana na mwenzake. Mutoto wa Muzungu akizaliwa, siku hiyohiyo angekiunganisha. Mama aliangalia juu, akahamisha mukeka wake upande mwingine wa nyumba.

Shida ilikuwa Bwana Miwani. Kila siku ya mungu aliuliza, "Berso wapi?" Na Papa: "Bado, Bwana." "Kwa nini bado?" Angejibu nini? Ukimwambia Muzungu kwamba unaogopa kitanda kitamuua mutoto wake, atasikia kwamba wewe ndiye unataka kumuua. Kwa hiyo Papa alisema bado, na bado, na uso wa Bwana Miwani ukazidi kuwa mwekundu. Tonton Fideli alimwambia, "Ndugu yangu, ile bado yako itakuuzisha machungwa badala ya viti." Nami nilizunguka chini ya zile mbavu kama kuku anayetaka kutaga, nikipanda meza kuzigusa, nikishushwa na fimbo, nikipanda tena. Nilitaka kitu kitokee. Chochote.

Tulitegemea Fideli atatuambia mutoto akizaliwa. Lakini Wazungu nao hawatangazi. Sisi huku mwanamuke akijifungua, kilima kizima kinapiga vigelegele. Bwana Miwani alimupeleka madame hospitali, akamwambia mupishi wake tu kwamba madame amechoka. Fideli akapika supu ya mutu aliyechoka, siku nyingi. Mupaka asubuhi moja ya kazi anaambiwa: safisha nyumba, leo jioni madame anarudi na mutoto.

Akapanda Kadutu mbio, eprani bado shingoni. "Amezaliwa! Zamani! Leo wanamuleta!"

Mama akanitazama. "Feza, kimbia. Umwambie papa yako mutoto amefika."

Hiyo ndiyo kazi niliyozaliwa kufanya. Nilikimbia mupaka getini kwa kiwanda, nikapita chini ya mukono wa mulinzi, nikapiga kelele ndani ya lile vumbi chungu. Papa akatoka, nyusi zake zimekuwa na rangi ya maganda. Kapita, musimamizi wao, akamufuata, mutu wa avenyu yetu, tunamujua, watoto wake tunacheza nao.

"Unaenda wapi?"

"Mutoto amezaliwa."

"Wako?"

"Hapana. Wa Muzungu."

Kapita akacheka kwanza, kisha akaacha. "Sikia, ndugu. Ukitoka sasa, kesho usirudi. Mi siko na namna ya kukuficha."

Papa aliangalia viganja vyake. Akavipigisha pamoja, paa, paa, kama mutu aliyemaliza kula, vumbi likaruka. Akatoka. Mwanzoni nilikuwa mbele yake. Kufika njia ya kupanda, alinipita.

Tulipoingia nyumbani, mbavu hazikuwa tena juu. Mama alikuwa amekaa chini, ameegemeza kichwa cha berso juu ya tumbo lake kama juu ya meza, na alikuwa anafunga. Mafundo yake yalikuwa ya Papa kabisa, yale ya kuzunguka mara mbili na kumeza ncha.

Papa akabaki mulangoni. "Nani alikufundisha?"

"Miaka yote hii ulizani naangalia ukuta? Mutoto amefika, hakuna muiko tena. Leta ile kamba."

Wakamaliza jua likianza kulala upande wa ziwa. Kilikuwa kizuri, nawaambia. Ukikigusa kwa kidole, kinakwenda na kurudi bila sauti. Papa akakibeba kichwani, Fideli mbele, mimi nyuma ingawa hakuna aliyeniita, tukashuka Muhumba. Tulifika pamoja na motokari. Madame akashuka na mutoto ndani ya shali. Na nyuma ya motokari, kimefungwa na kamba, kulikuwa na kitanda kidogo cha chuma, rangi nyeupe, kimetoka duka.

"Mimi nasema wewe leta," Bwana Miwani akasema, kwa Kiswahili chake cha mawe. "Wewe: bado, bado, bado. Sasa mimi iko na kitanda. Peleka yako."

Papa akakishusha chini. Madame aliingiza kidole kati ya kekele, akakisukuma kidogo, akasema kitu Kifaransa. Bwana akamujibu neno moja. Akaondoa kidole.

Kwa hiyo tulirudi. Papa hana kiwanda, hana soko, na kichwani ana kitanda. Kila nyumba ya Kadutu watu walitoka kuangalia. Tulipofika kwetu tu ndipo alipokumbuka, na nilimuona anasimama kama amegonga ukuta. Maana sasa hakikuwa vijiti. Kilikuwa kitanda kamili, cha mutoto, bila mutoto, na ndani ya nyumba mwanamuke mwenye mimba.

"Simama hapo," Mama akasema kutoka mulangoni. "Isiingie."

Majirani wakakusanyika. Mumoja akasema kichomwe. Papa akatazama mikono yake. Fideli akasema kiuzwe, lakini nani atanunua jioni ile kitanda kilichokataliwa? Mama aliweka mukono juu ya tumbo. Kisha macho yake yakaanguka juu yangu, mimi niliyekuwa narukaruka pembeni kama kawaida.

"Feza. Ingia."

"Ndani ya nyumba?"

"Ndani ya kitanda."

Nilikuwa mukubwa, meno ya mbele yameshaanza kubadilika. Nikaingia, magoti yakagusa kidevu, nyayo zikabaki nje. Maman Sifa wa jirani akaangua kicheko: "Ee, mutoto mwenyewe huyu! Ananyonya bado?" Watu wote wakacheka. Mama hakucheka. Alisema kwa sauti, kuelekea kwa watu, na kuelekea kwa sijui nani nyuma ya watu: "Mumeona? Hii kitanda iko na mwenyewe. Anaitwa Feza." Papa akashika upande, Fideli upande, wakanipitisha mulangoni nikiwa ndani, kama askofu.

Nililala mule mupaka mvua kubwa ziliporudi. Nilijiona malkia. Watoto wa avenyu walinicheka mchana, lakini wao walilala chini na mimi nilibembezwa. Mimi, ambaye hata misani sikutulia, nililala nimejikunja bila kutikisika, maana nikijinyoosha nilianguka. Kisha ndugu yangu akazaliwa, akalia kwa nguvu, nikatolewa yeye akaingizwa. Nilimchukia mwezi mzima. Yuko Sange leo, muzee, analalamika juu ya mugongo na juu ya joto.

Papa alipata ufagio wa misioni, kazi ya asubuhi, na jioni akaendelea na kekele, Mama sasa akisuka upande wa pili wa kiti kilekile. Nafasi ya soko aliipata baada ya Uhuru, na paa lenyewe lilivuja.

Hayo yote niliyasimulia kama kichekesho miaka mingi. Mupaka siku nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, nimelala, neno la Bibi likanijia lote: kitanda kitatafuta mwenyewe. Nikaketi. Asubuhi nikaenda kwa Mama, nikamuuliza, kama kile kitanda kilikuwa kinatafuta mwenyewe, kwa nini ulikionyesha mimi?

Alikuwa anamenya ndizi. Mikono yake, ambayo haikusimama hata siku moja, ilisimama.

"Weye ulikuwa na meno tayari," akasema. "Yule wa tumboni hakuwa nayo."

Sikumuuliza tena. Sasa watoto wangu wamenipa kitanda kipana, ninyi mungelala watatu. Lakini kila jioni magoti yanapanda yenyewe kuelekea kidevu, na nalala pembeni, nimejikunja, kama mutu anayemushikia mwenzake nafasi.