Njoo na Kitabu Chako

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye treni, tunapita kituo cha Vårby gård, nikaona kwenye simu kwamba yule Mkanada wetu anastaafu. Kwanza kocha wa watoto, halafu miaka chungu nzima meneja mkuu wa timu. Watu wamemmiminia mioyo myekundu na maneno matamu. Mimi, jamani, niliyasoma kwa kinyaa mpaka nikapitiliza kituo changu cha Hallunda.

Sikufichi, ndugu yangu, kuna wakati nilimpenda kuliko mjomba. Futiboli yao, Wakanada na Wamarekani, si hii yetu. Mpira una umbo la yai, unakumbatiwa kifuani, na watoto mnagongana kama mbuzi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinisuka mistari midogo midogo ilale chini ya helmeti, na helmeti yenyewe ilinuka jasho la watu nisiowajua. Uwanja wa Tumba ulikuwa matope, kisha barafu. Kocha alisimama humo humo na goti lake bovu, akifoka kwa Kiswidi kibovu kuliko cha wazazi wetu, nasi tukifa kwa kicheko. Alisema kwao Kanada timu hupewa majaribio matatu tu ya kusogeza mpira, Wamarekani manne, "kwa hiyo msisubiri la nne." Msemo ule niliubeba hadi kwenye mtihani wa hesabu.

Kila mchezaji alikuwa na kitabu cha kuchorea mbinu, vijiduara na mishale. Cha rafiki yangu, mtoto wa jirani Mkongo wa ghorofa ya chini, kilipendeza kama kanga mpya. Alikuwa mdogo wa mwili, mzito wa mbio, lakini alijua kila mtu akimbilie wapi. Mimi alinifundishia ngazini, tunatafuna karanga.

Kocha akapanda cheo. Akapata koti, ofisi, na kiti cha kuzunguka. Uwanjani hatukumwona tena. Siku moja jirani akapata ujumbe: mtoto aje ofisini, na aje na kitabu chake.

Mama mtu alipanda ngazi mbio hadi kwetu. "Mukubwa amemuita mutoto wangu! Ameona michoro yake!"

"Shoga, labda anataka kuikagua tu," mama akamwambia.

"Acha wivu, wewe! Wako anakimbia kama kuku, wangu anafikiri!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Jirani akakaanga maandazi ya iliki, akapiga pasi shati la kanisani, nami nikatumwa kumsindikiza mwanawe.

Tungejuaje? Katika mchezo ule, ukiambiwa uje na kitabu, umeachwa. Ndiyo desturi yao, na hakuna aliyetuambia. Meneja alikipokea bila kukifungua, akakitupa juu ya rundo. "Tunataka watoto wenye miili," akasema. "Asante kwa yote."

Rafiki yangu bado alikuwa ameshika bakuli la maandazi kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa. Akalinyoosha. "Mama amekuletea."

Na yule mtu akala! La kwanza, la pili, huku macho yakiwa kwenye kompyuta, sukari imemganda mdomoni. Akalamba kidole. Kinyaa kilichonishika siku ile hakijanitoka. Si angesema hata ameshiba?

Halafu akanisukumia bakuli. "Wewe mwenye mbio, chukua moja."

Nikachukua. Nilitaka kubaki kwenye timu, basi nikatafuna mbele ya rafiki yangu, tena nikasema asante.

Kwenye basi hakulia. Aliniomba tu nisimwambie mama yake. Nyumbani alisema meneja amekiweka kitabu kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote. Jumapili jirani akatangaza kanisani, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga.

Nilicheza misimu miwili zaidi. Ngazini hakukaa nami tena, na mwaka uliofuata wakahama. Siku hizi ghorofa ile wanakaa watu wapole, tunasalimiana kwa Kiswidi. Kile Kiswahili cha kupigiana kelele ngazini kimekwisha. Nami, ninavyopenda kuota mchana, nimejaribu mara nyingi kuiota siku ile nikilirudisha lile andazi bakulini. Mkono unakataa.