Makasia ya Chumbani kwa Mwinyijuma

Kisarawe hakuna bahari. Kuna vilima, minazi, mikorosho na mihogo, na mtu akitaka kupiga makasia ni lazima ateremke mpaka Dar es Salaam. Ndiyo maana siku Mwinyijuma aliporudi nyumbani na mashine ya kupigia makasia kichwani, mtaa mzima tulitoka kumtazama.

Alikuwa dobi wa Mzungu mmoja wa misitu. Mzungu huyo alipokwenda kwao, miaka michache baada ya vita vya Hitla, aligawa vyombo vyake. Mpishi akapata viti, mtunza bustani akapata baiskeli. Mwinyijuma, mtu asiyejua kugombania kitu, akapata kilichobaki: ubao mrefu wenye kiti cha kuteleza, mahali pa kukanyagia, na mishikio miwili ya kuvuta yenye springi ngumu. Mzungu alikuwa akikaa humo kila asubuhi, akivuta mpaka analowa jasho, na haendi popote. Biubwa, mke wa Mwinyijuma, aliitazama mashine ile, akaona inafaa kuanikia mihogo.

Mwaka uliofuata kiharusi kikampiga Mwinyijuma. Alhamdulillahi, mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini mkono wa kulia ulibaki ukining'inia. Kwetu wanaume tulikula pamoja barazani jioni, kila nyumba ikitoa sinia lake, na mkono wa kushoto hauingii katika chakula cha watu. Basi Mwinyijuma akawa anapita barazani ameinamisha kichwa.

"Karibu, Mwinyijuma."

"Nimeshakula, ndugu zangu."

Alikuwa hajala. Alikuwa akilishwa na mkewe chumbani, mlango umefungwa, na sote tulijua. Mtu aliyekula na wenzake tangu utotoni, ukimfungia na bakuli lake peke yake, anapungua. Nilimwona akipungua, na iliniuma sana.

Siku moja alimwambia mkewe aiondoe mihogo juu ya mashine. Biubwa akamfunga kiganja cha kulia kwenye mshikio kwa kipande cha kanga, naye akavuta. Mashine ikatembea. Mkono wa kushoto ulikuwa na nguvu na wa kulia hauna, kwa hiyo kila alipovuta mashine iligeuka ubavu kama punda mkaidi, ikichimba sakafu ya udongo aliyoisiriba Biubwa kwa mikono yake. Mwinyijuma akaweka mawe, yakasukumwa. Akaifunga kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba. Nguzo ikatikisika, na udongo wa ukutani ukamwagika kitandani. Hapo Biubwa alikasirika kweli.

"Baba Siwema, unataka mkono au unataka tulale nje?"

"Nataka kula na wenzangu," akajibu.

Biubwa akachukua ungo wake wa mchele, akaenda kukaa juu ya ncha ya mashine, upande ule uliokuwa ukihama. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, mashallah.

"Haya, vuta."

Mashine ikatulia. Tangu hapo kila asubuhi mume alivuta na mke alikaa pale, leo anachambua mchele, kesho anasuka ukili. Mashaka, Mnyamwezi aliyeletwa na kazi za mkonge akabaki huku huku, aliwachungulia dirishani. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, huitana watumwa, na mtani hana adabu wala hakasirikiwi. Akaitangaza habari mpaka sokoni.

"Mtumwa wangu kampakia mkewe, wanavuka chumba. Wametoka asubuhi, hawajafika."

Miezi ikapita. Asubuhi moja Biubwa alikwenda kuepua chungu, na aliporudi mlangoni akamkuta mumewe bado anavuta. Mashine haikuwa imegeuka. Hakumwambia kitu. Alirudi, akakaa palepale pake, na habari hiyo alimpa mke wangu tu. Mke wangu alipomuuliza sababu, akasema amezoea kukaa pale na hana haraka ya kuondoka.

Sikukuu ya Mfunguo Mosi, Mwinyijuma akaja barazani. Hakusema kuwa ameshakula. Alivua viatu, akakaa mkekani, akanawa, na sinia la pilau likawekwa katikati yetu. Akatoa mkono wa kulia.

Nguvu ulikuwa nazo sasa, kipimo bado. Alipousukuma wali kuelekea ukingoni apate kufinyanga tonge, sinia lenyewe likateleza juu ya mkeka, likageuka ubavu, na pilau ikamwagika. Kila mtu akapata kitu cha kutazama chini. Nikaona ule mkono umeanza kurudi kwenye kanzu, na nikajua ukirudi leo hautatoka tena.

Mashaka alikuwa amekaa mkabala naye. Akajisogeza, akaliegemeza goti lake kwenye ukingo wa sinia, upande ule uliokuwa ukihama, akalikaza. Safari hii hakucheka.

"Kula, mtumwa wangu," akasema. "Leo Biubwa ni mimi."

Mwinyijuma akafinyanga tonge lake, akala.