Figo za Tambara

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la pili, mama mkubwa wangu huifuta sahani ya mizani kubwa kwa tambara bichi, huikausha kwa kiganja, kisha hurudi nyuma hatua moja na kuutazama mshale. Hapimi kitu. Anaitazama mizani tupu. Mshale ukitulia kwenye sifuri, huinamisha kichwa kidogo kama mtu aliyeitikiwa salamu, ndipo kazi inapoanza.

Ni fundi mizani. Kazi hiyo aliirithi kwa babu, maana wajomba zangu waliiona ya vumbi na ya subira, na wao hawakuwa watu wa vumbi wala wa subira. Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kati ya kinyozi na muuza vioo. Ukutani zimening'inia mizani za kila namna: za uso kama wa saa, za kushika mkononi, na ile ya kitambaa ya kupimia watoto wachanga, ambayo wakunga wa zahanati huileta kila baada ya miezi mitatu. Mtu akianza kumsifia mizani yake jinsi inavyopima vizuri, yeye humkatiza.

"Hayo utaniambia baadaye. Kwanza niambie, ikiwa tupu inasemaje?"

Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Bi Sifuri, na jina likamkaa utadhani alizaliwa nalo.

Matapeli wa simu wanamjua kwa kushindwa naye. Siku moja nikiwa dukani kwake, alipokea simu akaiweka sauti ya juu, mikono yake imejaa grisi.

"Mama, pole sana," sauti ikasema. "Mwanao amepata ajali. Yuko hapa hospitali, hali si nzuri."

"Mungu wangu! Yupi?"

"Yule mkubwa."

"Wa kiume au wa kike?"

"Wa kiume, mama. Tunaomba utume haraka…"

"Ngoja, ngoja. Amenitaja?"

"Anakutaja tu. Anaita mama, mama."

"Basi msalimie sana. Mwambie nimemsubiri miaka thelathini na hata siku moja hakuja kuzaliwa."

Akaizima simu kwa kifundo cha kidole, akarudi kwenye skrubu yake. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona jinsi anavyoikaza ile skrubu, anaikaza na kuikaza, nikaacha kucheka.

Mambo ya simu yalikuwa mchezo. Mwaka ule kilichowekwa rehani kilikuwa mguu wa mama yangu.

Mama ni mdogo wake wa kike, na ana ugonjwa wa sukari mwaka wa kumi na tano sasa. Asubuhi na jioni hujidunga insulini tumboni, leo kulia, kesho kushoto. Hakuwahi kukosa hata dozi moja, mpaka alipokuja Profesa. Profesa wa nini, hakuna aliyeuliza. Alipanga ukumbi mdogo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akatundika pazia la buluu, akaweka mashine yake: kompyuta ndani ya sanduku la chuma, na waya uliotoka humo hadi kwenye fimbo fupi ya shaba. Unaishika fimbo dakika mbili, mashine inakutolea kurasa za rangi zinazotaja kila kilichomo mwilini mwako na kinachokisumbua. Halafu unapewa matone.

Mama aliambiwa kongosho lake limelala, na kwamba sindano ndizo zinazolibembeleza lizidi kulala. Aache sindano siku arobaini, atumie matone, litaamka lenyewe. Akaacha. Mimi nilijua siku ya kumi na moja, nilipofungua friji nikakuta vichupa vimesukumwa nyuma ya mtungi wa maji. Siku hiyohiyo nikaona kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto, kidogo, kama punje, kingo zake zikiwa nyeusi.

Nikampigia mama mkubwa. Akaja na aproni yake ya kazi, akakaa kitandani kwa mama, akautazama mguu bila kuugusa.

"Rudi kwenye sindano, mdogo wangu."

"Nimechoka, dada. Wewe hujui. Tumbo langu limekuwa kama mto wa kuchomekea pini. Miaka kumi na tano nimekwenda hospitali, wananiambia zidisha, punguza, usile hiki. Mtu mmoja tu ameniambia iko siku nitaacha. Unataka nimchukie?"

Mama mkubwa alikuwa na maneno mengi, niliyaona yamejipanga nyuma ya meno yake. Alichosema ni hiki:

"Basi nipeleke na mimi nikapimwe."

Mama alifurahi jinsi nilivyokuwa sijamwona akifurahi siku nyingi. Alidhani amempata.

Tukaenda watatu. Pale ukumbini, mwanamke mwenye koti jeupe alimwandika mama mkubwa: mwanamke, miaka sitini na moja. Akamwingiza nyuma ya pazia, akamshikisha fimbo, akampa masharti. Asiongee, asijitikise, na asiwepo mtu mwingine humo ndani, kwa sababu mawimbi ya mtu mwingine huchanganya hesabu. Akatoka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, pazia halikufika vizuri ukutani, nikamwona mama mkubwa akifanya kazi aliyoizoea kila asubuhi. Alitoa tambara lake mfukoni, bado bichi. Akalizungusha kwenye ile fimbo mara tatu, akaliweka juu ya kiti. Yeye akahamia kwenye kiti cha pili, akakunja mikono, akatazama.

Mashine ikahesabu. Ikatoa kurasa tisa.

Profesa akaingia, mrefu, mwenye sauti ya kubembeleza, akaziokota kurasa bila kutazama kiti. Pazia halizuii sauti. Watu kumi na wawili waliokuwa wakingoja, na mama yangu kati yao, walisikia yote.

"Mama, umekuja wakati mzuri. Figo zako ni dhaifu, hasa ya kushoto. Ini limechoka. Sukari inanyemelea. Na hapa, usishtuke, kizazi chako kina uvimbe mdogo, lakini kinatibika."

"Kinatibika?"

"Kabisa. Matone ya miezi mitatu."

"Nashukuru. Lakini mgonjwa siye mimi, Profesa. Mgonjwa ni huyu hapa kwenye kiti. Mwambie mwenyewe, labda anasikia."

Kisha sauti ya Profesa, imepungua bembelezo: "Hiyo ni… mashine imesoma mabaki ya mawimbi yako, mama. Ulikishika hicho kitambaa."

"Nilikishika, kweli. Basi kizazi ni changu? Changu kilitolewa hospitali wewe hujaota ndevu."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, akaziba mdomo. Mama yangu hakucheka. Alisimama, akachechemea hadi mlangoni, na tulipomfikia nje macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Umenitia aibu mbele za watu, dada. Ulikuja kunicheka."

"Sikuja kukucheka wewe."

"Waliokaa pale ni mimi na wenzangu. Usije kwangu."

Hakwenda. Na mama hakurudi kwenye sindano. Hicho ndicho watu hukisahau wanaposimulia kisa hiki kwa kucheka: tambara lilimshinda Profesa, halikumshinda mama yangu. Alikuwa akimeza matone yake huku akitazama ukuta, na kila nilipoomba kuuona mguu aliuvuta chini ya shuka.

Mama mkubwa akafanya lililo ndani ya uwezo wake. Alizibandika kurasa zote tisa, alizoondoka nazo ukumbini, mbele ya duka, akalipigilia tambara juu yake kwa msumari, na ubaoni akaandika kwa chaki: MGONJWA: TAMBARA. FIGO DHAIFU. INI LIMECHOKA. KIZAZI KINATIBIKA. MASHINE ISIYOJUA KUSEMA SIFURI HAIPIMI KITU. Wauza nyama walikuja kusoma. Wakunga walikuja kusoma, mmoja akapiga picha. Kinyozi jirani alikuwa akiwasomea wateja wake kwa sauti huku wembe ukiwa shingoni mwao.

Siku ya nne ikaja barua. Iliandikwa na mtu aliyejiita wakili, ikapigwa muhuri mara mbili, wa pili kama wa kuutia moyo wa kwanza. Ndani ya siku saba Bi Sifuri aondoe bango, aombe radhi hadharani, na alipe fidia ya heshima iliyochafuliwa. La sivyo atashtakiwa, duka litafungwa, vifaa vyake vitachukuliwa, na yeye mwenyewe atatiwa ndani.

Kinyozi ndiye aliyeingiwa na baridi. "Dada yangu, toa tu hilo tambara. Hawa watu wana sheria."

"Sheria ipi? Nionyeshe." Aliishika barua karibu na taa, kama anavyoshika springi iliyochoka. "Ofisi yake iko wapi? Sanduku la posta tu. Amri ya mahakama? Hakuna. Tazama, ameandika kurasa mbili, na hakuna mahali aliposema nimesema uongo. Anasema nimemuudhi. Hilo nami nakubali."

Akaketi, akajibu kwa mwandiko wake wa herufi kubwa kubwa. Nakala ninayo mimi.

"Barua yako nimeipata. Umenitisha kwa mambo manne, na hukunionyesha neno moja la uongo nililoandika. Tafadhali litaje, nami nitalifuta kwa mkono wangu. Kama ni mahakamani, nitakuja kwa furaha. Ninyi mje na mashine yenu, mimi nitakuja na tambara langu, tulipime mbele ya hakimu. Likipona nitaomba radhi."

Kisha akaibandika barua ya wakili karibu na zile kurasa, na kwenye kona ya ubao akaandika 7. Kesho yake akafuta, akaandika 6. Simu zikaanza. Mwanamume asiyejitaja alimwuliza kama anajua jela kunavyonuka. "Sijui," alimjibu, "wewe unaonekana unajua, hebu nisimulie." Siku ubao uliposoma 4 akaja mtu mwenye faili, akasimama mlangoni akimnong'oneza kwamba akilitoa bango leo, mambo yote yataisha kimya kimya.

"Kwa nini kimya kimya?" aliuliza mama mkubwa, kwa sauti ya kufika kwa muuza vioo. "Mimi si nimewakosea hadharani?"

Yule mtu akafunga faili. Kutoka pale, hatukujua wakati ule, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwetu.

Siku ya 3 nilikuwa dukani, nimekuja kumwambia mama mkubwa kwamba kile kidonda sasa kinatoa harufu. Sikuwa nimemaliza kusema, nikaona anatazama nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Mguu mmoja una kiatu, mwingine umefungwa kanga. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Dada," alisema, "wameniandikia kwamba nimepona."

Mama mkubwa akamsogezea kiti.

"Wanataka niweke sahihi. Kwamba mimi ni shahidi, nimetumia matone, nimepona kabisa, na kwamba wewe unasema uongo kwa wivu. Alinipa kalamu. Nikainama kuandika, nikasikia harufu ya mguu wangu." Akaiweka karatasi mapajani. "Hawakuuliza hata kuuona. Wameandika tu."

Nilingoja mama mkubwa aseme, si nilikwambia. Mtu mwingine angesema. Yeye alinawa mikono kwa sabuni, polepole, hadi kwenye viwiko, akatoa sandukuni kipimo kidogo cha sukari ambacho sikujua alikuwa nacho.

Mama akakitazama, akajaribu kucheka. "Hicho chenyewe umekipima?"

"Kina maji yake ya kukijaribia. Nimekijaribu kila asubuhi tangu uliponifukuza." Akaushika mkono wa mdogo wake. "Hakuna kinachosamehewa kupimwa humu ndani. Lete kidole."

Kipimo hakikuonyesha namba. Kilionyesha neno linalotokea sukari inapopita pale kinapoweza kuhesabu. Mama mkubwa alilisoma, akaweka kipimo chini, akafunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Hospitali walituambia ukweli bila kuupaka sukari. Kidole gumba hakiokoki. Mguu unaokoka, kwa sababu amefika leo. Wiki moja zaidi wangekuwa wanazungumzia goti. Wakamrudisha kwenye insulini, wakakikata kidole kesho yake. Dada mtu alilala kwenye kiti cha plastiki siku zote, na kila asubuhi alinituma dukani kubadilisha namba ubaoni.

Siku niliyoandika 0 nilirudi wodini nikamkuta mama amekaa, kitambaa cheupe mguuni, sindano yake tayari mkononi. Alijidunga mwenyewe, upande wa kushoto, akahema. Simu ya mama mkubwa ikalia juu ya kabati. Ilikuwa ile namba isiyojitaja.

"Nipe mimi," alisema mama.

"Achana nao, mdogo wangu, umetoka kuumwa."

"Nipe, dada. Shahidi si ni mimi?"

Akaiweka sauti ya juu, kama afanyavyo dada yake. Mwanamume akaanza bila salamu: siku saba zimekwisha, tukutane mahakamani.

"Haya, tukutane," alisema mama. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuyumba. "Unaongea na yule aliyepona. Ndiyo, mimi mwenyewe. Ile karatasi yenu ninayo, na mtu aliyeileta nitamtambua hata gizani. Kidole changu kimebaki kwa daktari. Mkikihitaji kwa ushahidi, semeni, tutakileta pamoja na tambara."

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu. Kisha simu ikakatwa.

Mama akamrudishia dada yake simu. Mama mkubwa aliishika muda mrefu, akiutazama uso wa mdogo wake hivyohivyo anavyoutazama mshale kila asubuhi, mpaka ulipotulia. Ndipo akainamisha kichwa.